Madebe Kumi ya Mbegu, Debe Moja la Mavuno

Vijana wangu mliobaki ofisini, siku ile ya kuagana mliniuliza jedwali la vipimo lilitoka wapi, nami nikawajibu kwa mkato kwa sababu pilau lilikuwa linapoa. Sasa nipo nyumbani, hapa hapa Kibiti, nimekaa mkekani, sina pa kukimbilia. Nitawaeleza. Habari za vyeo nitaziacha, maana sikupata vingi, na za mshahara mnazijua wenyewe.

Niliingia ofisini kama karani wa kuchapa. Kabla ya hapo nilikuwa nachapia chama cha wakulima wa korosho, chama kikalala, na mashine ya kuchapa ikalala pamoja nacho. Nikasikia kuna watu wamepanga chumba karibu na stendi, wanatafsiri maandiko ya kale ya Kiebrania kwa Kiswahili chepesi, na kila ukurasa wanauwekea maelezo chini ili mtu wa kijijini asome bila kuhitaji wa kumfafanulia. Walikuwa Wakristo. Mimi Mwislamu, mtoto wa Kindengereko. Mama yangu aliponiona navaa viatu asubuhi ile aliniuliza, "Unakwenda kuchapa au kubatizwa?"

"Kuchapa, mama."

"Haya, kachape."

Basi ndiyo ruhusa niliyopata, na sikuwahi kuomba nyingine.

Mkuu wa kazi alikuwa Mwalimu Tadei Mbunda. Hamkumkuta, ila kiti chake chenye kamba za nailoni mnakikalia kwa zamu. Mtu mrefu, mpole, mzaliwa wa Songea. Alisomea upadri, upadri akauacha njiani, Kiebrania akabaki nacho. Kisha akamwoa Mama Agnes, nesi aliyepangiwa kazi Mchukwi, akahamia huko kwa mkewe na kila asubuhi akawa anapanda basi dogo kuja Kibiti. Alikuwa akisema joto la pwani ni baya lakini si sababu ya kutosha ya kumwacha mtu.

Siku yangu ya kwanza nilikuta mezani kwake beseni la maji, mayai kwenye mfuko wa plastiki na chupa ndefu ya kioo yenye mistari, aina ile ya maabara ya shule. Nikadhani nimekosea mlango.

"Karibu, Bi Rehema. Unajua kuchapa?"

"Najua, Mwalimu."

"Hilo litangoja. Nisaidie kutumbukiza mayai."

Akanieleza. Waebrania wa kale walikuwa na kipimo kidogo cha mafuta na divai, kinaitwa logi. Wanazuoni wao waliokuja baadaye wakasema logi ni nafasi inayojazwa na mayai sita. Kwa hiyo unajaza chombo maji mpaka ukingoni, unatumbukiza mayai sita taratibu, maji yanayomwagika unayakinga na kuyapima. Tulianza na mayai ya kuku wa kienyeji, tukapata robo lita, na wala haikujaa sawasawa. Tukaja kwenye mayai ya kuku wa kisasa, tukapata kama chupa ya soda. Mwalimu akafuta mikono kwa leso, akanitazama kwa uso wa mtu mwenye shida ya kweli.

"Sasa, Bi Rehema, kuku wa Yerusalemu alikuwa wa kienyeji au wa kisasa?"

"Sijui, Mwalimu."

"Hata mimi sijui. Hiyo ndiyo kazi yetu."

Mayai tukayachemsha tukayala na chumvi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba ofisi ile haina neno.

Ngazi yenyewe ya vipimo si ngumu, msiiogope. Logi nne ni kabi moja. Kabi sita ni sea moja, sea tatu ni efa moja, na efa kumi ni homeri moja. Efa ni ya vitu vikavu, nafaka na unga. Ikiwa ni mafuta au divai, ujazo ule ule unaitwa bathi. Mchapaji mgeni huvichanganya, nami nilivichanganya sana. Ngazi inajulikana, kinachotesa ni ukubwa wa kidato chenyewe. Wapo wataalamu wanaosema efa ni kama lita ishirini na mbili, wapo wanaoipandisha mpaka karibu na arobaini, na kila upande una vigae vyake vya mitungi iliyofukuliwa ardhini. Mtungi una maandishi ubavuni kwamba ni bathi, vizuri sana, lakini shingo imevunjika, na kitako kimevunjika, kwa hiyo mtu anakadiria. Mwalimu alikaa upande wa ishirini na mbili. Hakuwahi kusema ana hakika. Alisema, "Hapa ndipo pananipa usingizi."

Alinifundisha mambo ambayo ninyi mnayafanya bila kujua yalianzia wapi. Usiweke nukta kwenye ujazo wa mtu aliyekufa zamani. Alikuja kijana mmoja wa kompyuta akatuandikia efa ni lita 21.96, Mwalimu akamwuliza kwa adabu kama ile sita ya mwisho aliiona kwa macho. Tangu hapo tunaandika "kama lita ishirini na mbili" na tunalala. Uliza kwanza kama chombo kilijazwa kwa kichuguu au kilifutwa kwa kijiti juu. Sokoni kwetu watu wamegombana kwa kitu hicho hicho, na sioni kwa nini Wayahudi wawe malaika. Na mwisho, ukishapata lita, kazi hujaimaliza. Lita ni ya nani? Huku kwetu mpunga unapimwa kwa debe. Vijana hata pishi hawaijui tena, wanaisikia mara moja kwa mwaka wakati wa kutoa fitri, na siku ile kila nyumba inatafuta nani bado ana kibaba. Mwalimu alifurahi mno alipogundua kwamba debe letu na efa yake ni karibu sawa, efa imezidi kidogo tu. Alizunguka meza. Mtu mzima, mwenye mvi, anazunguka meza kwa sababu ya debe.

Tulikuwa na desturi ya kupeleka kurasa vijijini kabla hazijachapwa. Tunakaa na watu, ninasoma, Mwalimu anauliza, "Mmesikia nini?" Hakuuliza kama wameelewa, maana kila mtu hujibu ameelewa. Wakisimulia walichosikia, ndipo tunapojua tulipokosea. Mara nyingi tulikwenda Umwe, kwa sababu kaka yangu Selemani aliishi huko na alikuwa akitukusanyia watu. Dini haikuwa kikwazo. Walikuja Waislamu watupu, wakasikiliza habari za Ibrahimu na Musa ambao wanawajua vizuri, na waliposikia kosa walisema.

Selemani ni mkubwa wangu. Alilima mpunga bondeni, upande wa mtoni, kwenye ardhi ile ambayo mto ukiingia kwa kiasi unaiacha na rutuba, na ukiingia bila kiasi unaondoka na kila kitu. Alikuwa mcheshi, mtu wa kuimba juu ya dungu akifukuza ndege. Mkewe, wifi yangu Hadija, ndiye aliyekuwa mkulima hasa. Kila mavuno alipita shambani peke yake kabla ya wengine, akichagua masuke kwa mkono, moja moja, ndiyo yawe mbegu. Hakuruhusu mtu amsaidie. Kaka alikuwa akisema mke wake anachagua mbegu kwa makini kuliko alivyomchagua yeye.

Hadija aliugua miezi michache, akafariki mwezi ambao mvua zinakaribia. Hawakujaliwa mtoto aliyeishi. Tukazika, tukakaa matanga, watu wakatawanyika. Kaka akapanda mbegu alizoziacha marehemu, zote, hakubakisha hata za akiba. Nilimwuliza kwa nini asibakishe. Akanijibu, "Nataka nione kazi yake yote imesimama."

Ilisimama. Niliiona mwenyewe, kijani kibichi, imefika kifuani. Kisha mto ukaja.

Mafuriko mnayajua, sitayapamba. Ukisimama darajani Ndundu uliona maji kila upande na vilele vya minazi. Watu walitolewa kwa mitumbwi. Kaka alipoteza nyumba na ghala, lakini hakuzungumzia nyumba. Maji yalipopungua alikwenda shambani akakuta mchanga na magogo. Nikamchukua akae kwangu Kibiti kwa muda, hakukaa. Alirudi Umwe akajenga kibanda cha matete pale juu, kwa majirani.

Miezi ilipita. Ofisini tulikuwa tumefika kwenye kitabu cha nabii mmoja wa zamani anayewakaripia wenye mali, waliokuwa wakiunganisha shamba na shamba mpaka wanyonge wakakosa pa kukaa. Anawaambia kwamba ardhi itawakatalia. Mbegu ya homeri moja itarudisha efa moja tu. Sentensi yenyewe fupi. Kwetu ilikuwa ngumu kwa sababu ina vipimo viwili mfululizo, na msomaji asipovijua, laana nzima inampita kama upepo. Mwalimu akaandaa namna mbili za kuisoma, moja kwa lita na nyingine kwa madebe, twende tukaone ipi inasikika. Tukamwomba kaka atukusanyie watu kama kawaida. Akakubali. Tulidhani itampa shughuli.

Tulikaa kwenye banda la wakulima. Nusu ya kwanza ilikuwa ya mizabibu na divai, wasikilizaji wangu wakaivumilia kwa heshima. Kisha nikasoma nusu ya pili kwa namna ya kwanza, kwamba lita mia mbili na ishirini za mbegu zitatoa lita ishirini na mbili.

"Mmesikia nini?" Mwalimu akauliza.

Bibi mmoja akajibu, "Hayo maneno ya sheli. Lita ni za mafuta ya taa."

Watu wakacheka, na Mwalimu akacheka, akaniashiria nisome namna ya pili. Nikasoma kwamba mtu atapanda madebe kumi ya mbegu, naye atavuna debe moja.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyehitaji kuulizwa amesikia nini. Bibi yule wa sheli aliinamisha kichwa akavuta mtandio usoni. Nilimtazama kaka. Alikuwa amekaa kwenye gogo karibu na nguzo, mikono juu ya magoti.

"Rudia," akaniambia.

Nikarudia.

"Yameandikwa lini hayo?"

Mwalimu ndiye aliyejibu. "Zamani sana, bwana Selemani. Kabla ya Nabii Isa."

"Na huyo mkulima alikosa nini?"

"Alikuwa tajiri. Walikuwa wanameza mashamba ya wenzao, wanaunganisha moja baada ya jingine."

"Mimi nimeunganisha nini?"

"Hujaunganisha kitu."

"Huyo aliyeunganisha alipata debe lake moja," kaka akasema. Hakupandisha sauti. "Mimi hilo debe moja sikulipata. Basi nielezeni nyinyi mnaosoma, mimi nimekosa nini?"

Nilisubiri Mwalimu aseme. Alikuwa na majibu ya mambo mengi, nami nilikuwa nimeyachapa. Alikunja karatasi zake, akaziweka mkobani, akainuka, akaenda kukaa kwenye lile gogo, bega kwa bega na kaka. Wakakaa. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, bila kuaga kwa sauti, kama watu wanavyotoka msibani. Baadaye kaka aliinuka akaenda zake kwa njia ya nyuma ya banda. Hakutuaga hata sisi.

Kwenye gari tukapita Ikwiriri, Mwalimu ameshika mkoba mapajani. Kisha akasema, "Nimetafuta ukubwa wa efa tangu nikiwa kijana. Leo ingekuwa lita kumi au lita hamsini, maumivu yangekuwa yale yale. Kumi kwa moja. Sikuhitaji kupima kitu."

Nilitazama nje.

Baada ya siku ile kaka alinyamaza kabisa. Nikipiga simu anasema "nipo," basi. Majirani walinieleza kwamba anaamka, anakaa mlangoni, jua linazunguka kibanda naye yupo pale pale. Chakula anakionja tu. Msimu wa kutayarisha mashamba ukakaribia, wenzake wakachukua majembe, yeye hakuinuka. Akaletewa mbegu za msaada, akazigawa. Nilikwenda nikamsihi, nikalia mbele yake, jambo ambalo halikuwa na faida. Aliniambia, "Mdogo wangu, mimi nimemaliza kupanda," kwa sauti ya mtu anayekueleza kwamba ameshakula.

Mwalimu alianza kwenda kumtazama. Kila Jumamosi alitoka Mchukwi kwa basi, kisha kwa bodaboda, mtu wa umri ule, mwenye moyo ambao daktari alikuwa ameshamwonya juu yake. Hakuchukua karatasi. Niliwahi kumfuata nikawakuta wamekaa, Mwalimu anamenya chungwa. Nilimwuliza wanaongea nini siku zote hizo.

"Mara nyingi hatuongei," akasema. "Nilimwambia neno moja tu. Nilimwambia kitabu kile nimekifundisha maisha yangu yote, na swali lake sina jibu. Akasema ahsante. Tangu hapo ananiwekea kigoda."

Jumamosi moja nilikuwepo kaka alipofungua mdomo. Hakugeuza uso, alizungumza akitazama bondeni.

"Mwalimu, si mpunga. Mpunga nimewahi kupoteza. Zile mbegu alizichagua Hadija kwa mkono wake. Alikuwa ameanza kuumwa, anakaa chini anapumzika, anainuka tena. Mimi nikazimwaga zote mtoni. Sasa hapa duniani hakuna alichokigusa kilichobaki hai."

Mwalimu aliacha kumenya chungwa. Akauliza, "Alikuwa hagawii watu mbegu?"

"Nani? Hadija? Alikuwa mchoyo wa mbegu kama nini."

"Hata ndugu zake?"

Kaka akaokota ganda la chungwa akalikunja vidoleni. Mwalimu hakurudia swali, ila tuliporudi alinibana kwa maswali njia nzima. Hadija kwao wapi? Ana ndugu wangapi? Nani kati yao analima? Nikamwambia kwao ni Mchukwi, kule kule anakoishi yeye, na ana mdogo wake anaitwa Mwajuma, aliyeolewa na mtu wa huko huko na wanalima mlimani, mbali na mto. Akapiga paja. "Kesho tunakwenda."

Tulimkuta Mwajuma anatwanga. Mwalimu akajieleza, akaulizia mbegu. Mwajuma akatua mchi, akatutazama kana kwamba tumekuja kumdai.

"Dada alinipa siku ninaolewa," akasema. "Alinifungia kwenye kanga. Akaniambia nikizichanganya na nyingine atanilaani. Sijazichanganya. Kila mwaka napanda kidogo nyuma ya nyumba, kwa ajili ya kauli yake."

Akaingia ndani akatoka na kopo la rangi, limefungwa mdomo kwa kitambaa. Halikujaa. Mwalimu alilipokea kwa mikono miwili. Nilifanya naye kazi miaka mingi, na hakuna chombo chenye nafaka alichokishika bila kukadiria ujazo wake kwa sauti, ilikuwa maradhi yake. Lile kopo hakulikadiria.

Tulilipeleka Umwe pamoja na Mwajuma. Kaka alifungua kitambaa, akaingiza vidole, akatoa punje chache akazitazama kiganjani, akazigeuza kwa kidole. Akamwuliza shemeji yake, "Ni zenyewe?"

"Ni zenyewe, shemeji. Wallahi sijazichanganya."

Kaka akafunika uso kwa kofia yake akalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Tulimwacha alie, Mwajuma akaenda kutafuta maji ya kunywa kwa jirani, na Mwalimu akawa anatazama mto kama mtu aliyeona kitu cha maana upande wa pili.

Kaka alipanda kipande kidogo, si kule chini, mahali palipoinuka ambapo Mwenyekiti wa kitongoji alimwazima. Mwalimu alikwenda kumsaidia kusimamisha dungu jipya. Kazi yake ilikuwa kushikilia nguzo wima na kupewa lawama. "Mwalimu, umeiinamisha." "Sijaiinamisha, ni macho yako." Nilisikia kaka akimcheka. Nikakaa mbali, nisije nikaiharibu sauti ile.

Ofisini tulikuwa na mzozo wetu. Tulipeleka ukurasa kwa wakaguzi Dar ukiwa na madebe, ukarudi umefutwa. Waliandika kwamba debe si kipimo rasmi, na kwamba debe la huku huenda si sawa na debe la Mbeya. Hoja si mbaya. Kwa miaka mingi Mwalimu mwenyewe angeweza kuisema. Alipiga simu, akaeleza habari ya banda la Umwe na bibi wa sheli. Walimsikiliza vizuri. Wakasema watalitazama. Mwalimu aliweka simu akasema, "Wanalitazama," na akaenda kulala kwenye benchi la veranda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wakati wa kazi. Nilimfunika kanga. Miguu yake ilikuwa imevimba, soksi zimeacha alama.

Alilazwa mpunga wa kaka ukiwa unaanza kutoa suke. Mama Agnes alikuwa ameshastaafu unesi, lakini alimuuguza mwenyewe, alijua kila anachopewa na kila kisichosaidia. Nilikwenda kila nilipoweza. Mara ya mwisho alikuwa anahema kwa shida, amekalishwa kwa mito. Aliniuliza habari za shamba, si za ofisi.

"Umechanua, Mwalimu. Ndege ndio wameanza."

"Aniwie radhi. Mwambie Jumamosi hii sitakuja."

"Nitamwambia."

"Na Bi Rehema, lile la madebe usigombane nao. Wakikataa juu, liweke chini kwenye maelezo. Hata kwa herufi ndogo."

Alifariki kabla ya Jumamosi yenyewe. Nilimpigia kaka simu. Nilisikia debe tupu likigongwa, ndivyo wanavyofukuza ndege, kisha nikasikia limeacha kugongwa.

"Selemani, Mwalimu ametutoka."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema. Halafu, "Nakuja. Ndege wale watakachokula."

Alizikwa Mchukwi, kwa taratibu za Kikatoliki, na kwaya na kila kitu. Kaka alisimama pembeni na kanzu yake. Walipoanza kufukia alisogea, akamgusa kijana mmoja begani, akachukua koleo. Hakulirudisha mpaka kazi imekwisha. Watu wa Songea waliokuja msibani walinong'ona ni nani yule. Mama Agnes akawajibu, "Ni rafiki yake."

Wakaguzi walifanya kama Mwalimu alivyotabiri. Fungueni ukurasa ule mtaona: juu wameacha homeri na efa, na chini, kwenye maelezo, baada ya lita, imo sentensi moja ya madebe kumi na debe moja. Herufi ni ndogo mno. Mzee asiye na miwani hawezi kuisoma. Mkipata nafasi ya toleo jipya, iongezeni ukubwa, sitaki kitu kingine kwenu.

Kaka alivuna. Ndege walikuwa wamekula sehemu, lakini si yote. Alitenga mbegu kwanza, akaenda mwenyewe na kikapu kabla ya wavunaji, akachagua kwa mkono, akafunga na kumrudishia Mwajuma fungu lake. Mpunga mwingine akaukoboa, akaja nao Kibiti na Mama Agnes tukamwita. Tulipikia uani nyuma ya ofisi, wali wa nazi na samaki wa kukaanga, tukala chini, sote kwenye sinia moja. Mama Agnes alikuwa mkondefu, hajazoea kuwa peke yake, anageuka geuka kama anayemsubiri mtu amalize kunawa.

Chakula kilipokwisha kaka alivuta sufuria akaanza kukwangua ukoko. Akamwuliza Mama Agnes, "Mwalimu alikuwa anaupenda huu?"

"Ah, huo! Alikuwa anaugombania na watoto. Nilikuwa namfichia kwenye bakuli, nafunika na sahani, nawaambia watoto umeungua nimetupa."

Kaka akaukwangua wote, akautia kwenye bakuli, akafunika na sahani, akausogeza mbele ya Mama Agnes. Mama Agnes alilitazama lile bakuli muda mrefu. Kisha akafunua, akaanza kuula mwenyewe, kipande kwa kipande, taratibu, machozi yanamtiririka na yeye anatafuna. Aliula wote. Sisi tulikaa tukamngoja.